Linapiga Magoti

Kila asubuhi nalikuta limepiga magoti,
bampa la mbele ndani ya majani yenye umande,
kama mtu mkubwa aliyekuja kuomba chumvi
akaona haya kubisha hodi.

Usiku kucha lilikuwa likitoa pumzi
fss, fss, nyuma ya jiko,
nami kitandani nikihesabu
kama nilivyohesabu zamani vikohozi vya bosi kiti cha nyuma:
kimoja, twende; viwili, simama hapa.

Kiwanda kilipofunga lango
walitutaka tuwe na subira.
Subira haipikiki; tuliijaribu miezi kumi na minne.
Kisha karani akaniita, akafungua droo,
akanipa funguo badala ya bahasha.
"Osundwa, wewe unalijua. Lichukue, tumalizane."

Kulijua?
Kilomita laki tatu na elfu kumi na mbili
zimeandikwa pale kwenye dashibodi,
na ukitoa safari mbili tatu za Krismasi
alizoendesha mwenyewe akiwa amekunywa,
zote ni za mguu wangu wa kulia.
Mimi ndiye niliyelichakaza.
Mashimo ya Butere niliyaramba moja moja,
usiku, mvua, yeye amelala.

Sasa nimelala mimi, chali, chini yake, hapa Shianda,
juu ya gunia la sukari lililofutika jina.
Nabwire ameshika tochi kwa meno.
Kozi yake ya umeme hakuimaliza:
karo ilikuwa ndani ya ile miezi kumi na minne.
"Baba, paka sabuni."
Sabuni ya kipande, maji ya vuguvugu,
tunalipaka gari la bwana mkubwa povu mbavuni
kama mtoto anayeogeshwa kwa nguvu.
Tunangoja.
Na pale, karibu na gurudumu la kushoto,
povu linavimba, linameremeta, linapasuka,
linavimba tena:
kitundu kidogo kuliko jicho la sindano,
nacho ndicho kilichoangusha tani mbili na nusu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Habari ya vinavyozama hatukuambiwa.

Duka la Nairobi lilinitajia bei
nikacheka hadi simu ikakatika.
Kizito wa Kondele akapata mpira wa hewa
kwenye gari lililopinduka Ahero,
akautuma kwa basi, umefungwa pamoja na kuku.
Mbuzi wawili wakaondoka.
Mke wangu hakusema kitu.
Alizitazama zile kamba mbili tupu,
akaenda kuanika mahindi juu ya boneti,
kwa kuwa ilikuwa pana, na ya moto, na yetu.

Saa tisa mvua, kama kawaida ya huku.
Turubai. Spana ya kumi na tatu imemezwa na matope.
Mwalimu Ashiono anapita na mwavuli:
"Hilo litakunywa petroli kuliko ukoo mzima matangani!"
Simbishii.
Sina hata pa kwenda nalo.

Jioni Nabwire anawasha.
Taa za dashibodi zinawaka zote, kisha zinazima moja moja,
ikabaki ile ya manjano tuliyokwisha kuisamehe.
Kitu kinanguruma tumboni.
Linainuka,
nyuma kwanza, kama ng'ombe,
halafu mbele.

"Panda, Baba."
Mkono wangu wenyewe unakwenda kwenye mlango wa dereva.
Yumo yeye.
Nafungua wa nyuma.
Miaka tisa nimewafungulia watu mlango huu
bila kujua kiti chake kina ubaridi gani.
Navua gambuti kwanza.
Ndani kunanukia ngozi, peremende, mahindi.

Nabwire ananitazama kwenye kioo,
anangoja niseme wapi.
Nakohoa, mara moja.
Yeye hajui maana yake.